Tamthilia ikifika mwisho, mfanyabiashara anabaki na nini?

MKULIMA wa viazi mkoani Njombe anajua jambo moja ambalo mwenye kibanda cha video hulisahau mara nyingi: mavuno yana mwisho, na bei ya gunia hutegemea siku lilipofika sokoni. Gunia la kwanza hukimbiliwa na wanunuzi. Gunia la mwisho humsubiri dalali, na dalali ndiye anayepanga bei.

Biashara ya tamthilia za vijana, zile za wanafunzi, mapenzi ya kwanza na ugomvi wa marafiki, haina tofauti na hiyo. Kuanzia Makambako, kupitia Njombe mjini hadi Ikonda wilayani Makete, wapo wananchi wanaopata riziki kutokana na hadithi hizo. Wamo wenye vibanda umiza, mawakala wa ving'amuzi, wauza vocha, mafundi simu wanaouza kadi za kumbukumbu, na wenye nyumba za wageni walioweka televisheni sebuleni ili mgeni asiende kulala kwa jirani.

Siku mtayarishaji anapotangaza kwamba msimu ujao ndio wa mwisho, soko la watu hao linakuwa limepangiwa tarehe ya kufungwa. Shabiki hulia, hubisha na kununua. Mfanyabiashara naye huona fedha zikiingia na kudhani kwamba biashara imekua. Swali ambalo wengi hawajiulizi mapema ni hili: wiki moja baada ya sehemu ya mwisho kuonyeshwa, ni kitu gani hasa kitakuwa kimebaki mkononi?

USHABIKI WA SIMBA NA YANGA

Mfano mpya wa jinsi mashabiki wanavyoupokea mwisho ulionekana mwaka 2025 katika tamthilia ya Kimarekani ya The Summer I Turned Pretty, inayomhusu msichana anayependwa na ndugu wawili, Conrad na Jeremiah. Hadithi hiyo ilitokana na vitabu vitatu vya mwandishi Jenny Han na ilianza kuonyeshwa na Prime Video, ambayo ni mali ya kampuni ya Amazon, mwezi Juni 2022.

Msimu wa tatu, uliotangazwa kuwa wa mwisho, ulianza Julai 16, 2025 na kumalizika Septemba 17 mwaka huohuo. Kampuni ilieleza kuwa msimu huo ulipata watazamaji milioni 25 duniani kote katika siku saba za mwanzo. Badala ya kutoa sehemu zote 11 kwa mkupuo, ilitoa mbili siku ya kwanza, kisha moja kila Jumatano.

Mpangilio huo ulikuwa wa kibiashara. Sehemu zote zikitoka siku moja, mteja anaweza kulipia mwezi mmoja, akamaliza kutazama kwa siku mbili na kuondoka. Zikitoka kila wiki, analipia zaidi ya mwezi mmoja, na kila wiki mjadala unaanza upya shuleni, ofisini na sokoni.

Mjadala wenyewe ulikuwa mkali. Mashabiki waligawanyika, upande mmoja wa Conrad na mwingine wa Jeremiah, kwa namna ambayo Mtanzania anaijua vizuri kutokana na Simba na Yanga. Waandaaji walilazimika kuwataka watazamaji waache matusi na uonevu dhidi ya waigizaji, kwa kuwa wapo walioanza kumchukia mtu kwa makosa ya mhusika aliyemwigiza.

Mwisho ulipofika, Conrad ndiye aliyechaguliwa. Siku hiyohiyo ya Septemba 17 ilitangazwa kwamba Jenny Han ataandika na kuongoza filamu ya kuihitimisha hadithi hiyo. Kwa maneno mengine, mwenye mali aliufunga mlango huku akifungua dirisha. Wauzaji wa pembeni hawakuwa na dirisha la kufungua.

BEI YA SIKU YA KWANZA

Hisia za shabiki huonekana kama mambo ya kitoto, lakini kila hisia ina tabia yake sokoni na mfanyabiashara makini hana budi kuitambua.

Hisia ya kwanza ni haraka. Shabiki hataki kusimuliwa mwisho na mtu mwingine kabla hajauona mwenyewe. Ndiyo maana siku mbili tatu za mwanzo huwa na wateja wasioulizia bei. Habari ikishazagaa kwenye mabasi na mabwenini kwamba fulani kamwoa fulani, haraka hiyo hupungua na bei hushuka pamoja nayo.

Hisia ya pili ni hasira. Shabiki ambaye upande wake umeshindwa huapa kutotazama tena kazi ya mtunzi huyo. Wengine husahau kiapo baada ya muda, lakini kwa mwenye duka mteja aliyekasirika ni mteja aliyepotea kwa wiki kadhaa, na pango halimsubiri mtu apoe.

Hisia ya tatu ni kukataa mwisho. Shabiki wa aina hii huanza upya kutoka sehemu ya kwanza ya msimu wa kwanza. Huyu ni mteja mzuri kwa anayeuza huduma ya kudumu, kama kifurushi cha mwezi au bando. Kwa aliyemuuzia hadithi yote mara moja hana faida tena, kwa sababu kile anachokitaka tayari anacho.

Lipo pia wimbi la baadaye ambalo miji mikubwa hulisahau. Watazamaji wengi hawafuati Kiingereza kwa urahisi, na husubiri mpaka hadithi iletwe kwa Kiswahili. Tamthilia ya Kituruki ya Sultan, iliyoonyeshwa na Azam TV ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili, ni ushahidi mzuri. Huko Uturuki tamthilia hiyo ilianza mwaka 2011 na kumalizika mwaka 2014. Watanzania wengi waliifahamu baada ya Waturuki kuwa wamekwisha kuiaga, na bado ikawakalisha watu majumbani kila ilipofika saa yake.

Hapa kuna somo kubwa. Hadithi iliyokwisha kwa mtu mmoja ni mpya kwa mwingine, mradi aliyeinunua haki amegharamia kuiongezea thamani.

MIJI MITATU, WATEJA WA AINA TATU

Msimu wa mwisho hauna thamani moja kila mahali. Mwekezaji mdogo katika eneo hili anapaswa kupima aina ya mteja kabla ya kupima hadithi.

Makambako ni mji wa njiapanda. Barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya inapita hapo, na ndipo inapochepuka barabara ya kwenda Njombe na Songea. Reli ya TAZARA nayo ina kituo chake. Mteja wa Makambako ni msafiri. Ana dakika za kununua maji, mahindi ya kuchoma na vocha, kisha basi linaondoka. Huyu hawezi kufuatilia tamthilia ya kila wiki kwenye kibanda cha mtu. Anachohitaji ni bando, chaji ya simu, spika za masikioni na benki ya umeme ya kubeba mfukoni. Kwake, tamthilia ikiisha leo, kesho atatazama nyingine, na muuza bando hataona tofauti yoyote kwenye daftari lake.

Njombe mjini ni tofauti. Hapo wapo wakazi, wafanyakazi, wanafunzi na wafanyabiashara wa mbao, viazi na parachichi, watu wanaorudi nyumbani kila jioni. Mteja wa namna hii ndiye anayefuatilia hadithi wiki baada ya wiki, na ndiye atakayeondoka ikiisha. Wakala wa ving'amuzi wa Njombe ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kuuogopa msimu wa mwisho, kwa kuwa mteja aliyelipia kifurushi kwa ajili ya tamthilia moja anaweza kuacha kulipia mwezi unaofuata.

Ikonda ni soko la peke yake. Kijiji hicho kina hospitali iliyojengwa na wamisionari wa Konsolata katika miaka ya 1960, na wagonjwa hufika hapo kutoka mikoa mingi. Ndugu wa wagonjwa hukaa siku kadhaa, pengine wiki, katika nyumba za wageni, na baridi ya Makete humfanya mtu aingie ndani mapema. Jioni ni ndefu, mawazo ni mengi, na mtu anahitaji kitu cha kumpumzisha akili.

Mteja wa Ikonda hana wiki kumi za kusubiri. Tamthilia inayoendelea haimfai, maana ataondoka kabla haijafika popote. Inayomfaa ni ile iliyokwisha, yenye mwanzo na mwisho wake, anayoweza kuianza Jumatatu na kuimaliza kabla mgonjwa wake hajaruhusiwa. Kwa mwenye nyumba ya wageni wa Ikonda, tangazo la msimu wa mwisho ni habari njema, kwani bidhaa yake ndiyo kwanza imekamilika.

Katika barabara hiyohiyo moja, basi, tukio lilelile linamwacha mmoja kama alivyokuwa, linamtia mwingine hasara na kumpa wa tatu faida.

HESABU YA KIBANDA

Ili kuona hatari ilivyo, chukua mfano wa kubuni wa kibanda chenye viti 40, kiingilio kikiwa shilingi 500. Wakati tamthilia ina moto, kibanda hujaa usiku mmoja kwa wiki. Mapato yake ni shilingi 20,000 kwa usiku, sawa na shilingi 80,000 kwa wiki nne. Tuseme sehemu ya pango inayobebwa na usiku huo ni shilingi 50,000 kwa mwezi, na umeme pamoja na kifurushi ni shilingi 15,000. Jumla ya gharama ni shilingi 65,000, na mwenye kibanda anabaki na shilingi 15,000.

Tamthilia inakwisha. Watazamaji wanapungua hadi 20. Mapato ya wiki nne yanakuwa shilingi 40,000 wakati gharama ziko palepale. Hasara ni shilingi 25,000 kwa mwezi, maana yake faida ya mwezi mmoja mzuri imeliwa yote na shilingi 10,000 nyingine zimetoka mfukoni.

Kibanda hicho kinahitaji watazamaji 33 kila wiki ili kisipate hasara. Mwenye kibanda anayeijua namba hiyo atajua ni siku gani aanze kushtuka. Asiyeijua ataendelea kungoja mashabiki warudi, na mwisho atauza televisheni ili alipe pango.

Ndiyo maana vibanda vinavyodumu havitegemei tamthilia. Vinategemea mpira. Ligi ikiisha hurudi tena baada ya miezi michache ikiwa na timu zilezile na ubishi uleule. Ligi haina msimu wa mwisho. Tamthilia iwe nyongeza ya kujaza siku ambazo hakuna mechi, na isipewe jukumu la kulipa pango.

MFANO WA NAIROBI

Swali la nani anabaki na nini linaonekana wazi zaidi kwa wale wanaoitengeneza hadithi yenyewe. Mfano wa karibu ni Tahidi High ya nchini Kenya, tamthilia ya maisha ya shule ya sekondari iliyoonyeshwa na Citizen TV. Ilianza katikati ya muongo wa 2000, ikalea kizazi kizima cha watazamaji, na baada ya waigizaji kupokezana kwa miaka mingi ikaondoka hewani katika muongo uliofuata.

Waliotoka humo hawakufika mahali pamoja. Abel Mutua, aliyeigiza mwanafunzi Freddie, aliingia katika uandishi wa tamthilia. Pamoja na mwenzake Phillip Karanja, aliyekuwa Phil katika mchezo huohuo, walianzisha kampuni yao ya utayarishaji iitwayo Phil-It. Kampuni hiyo ndiyo iliyotengeneza tamthilia ya Njoro wa Uba. Hao wawili walikuwa waigizaji mbele ya kamera, kisha wakahamia upande wa wenye mali.

Joseph Kinuthia, ambaye watazamaji walimfahamu kwa jina la Omosh, alipita njia ngumu. Mwaka 2021 alijitokeza hadharani kueleza kwamba kazi zimekatika na maisha yamemwelemea. Mashabiki waliomkumbuka walimchangia fedha, na akajengewa nyumba. Ulikuwa upendo wa kweli na unastahili sifa. Hata hivyo, kwa macho ya kibiashara, tukio hilo linaonyesha kwamba umaarufu wa miaka mingi ulikuwa haujageuka kuwa mali inayoingiza fedha kila mwezi. Mchango hutolewa mara moja, lakini kodi ya nyumba hudaiwa kila mwezi.

Zipo pia hadithi ambazo jina lake lilibaki hai baada ya mji mmoja kuiaga. Shuga, tamthilia ya vijana kuhusu mapenzi na hatari ya Ukimwi, ilianzia Nairobi mwaka 2009 ikiwa na Lupita Nyong'o miongoni mwa waigizaji, ikarudi na msimu wa pili mwaka 2012, kisha ikahamia Nigeria na baadaye Afrika Kusini. Kwa shabiki wa Nairobi, hadithi yake ilikuwa imekatika. Kwa MTV, mwenye jina, mtaji ulikuwa umehama tu. Lupita naye alishinda tuzo ya Oscar mwaka 2014 kwa filamu nyingine kabisa.

KIAZI NA CHAI

Mkazi wa Njombe anaweza kulielewa jambo hili bila kwenda shule ya biashara, kwa sababu mfano wake uko shambani. Kiazi ukikiuza, kimeondoka. Usipokiuza, kinaoza. Chai ya Kibena, Luponde au Lupembe huchumwa leo, na baada ya siku chache shina lilelile huchipua majani mengine. Mwenye kiazi anashindana na muda, na mwenye shina la chai anafanya kazi pamoja nao.

Kopi ya tamthilia ni kiazi. Haki ya kuionyesha ni shina la chai. Mwenye haki anaweza kuiuza kwa televisheni, kisha kwa mtandao, kisha kwa lugha nyingine, kisha kuirudia baada ya miaka kumi watoto wa mashabiki wa kwanza wakiwa wamekua. Mwenye kopi anauza mara moja, na kila anayemuuzia anaweza kuwa mshindani wake kesho, kwani naye ataigawa bure kwa rafiki zake.

Zaidi ya hayo, biashara ya kopi zisizo na kibali ina hatari ya kisheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawalinda wenye kazi, na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, ndiyo msimamizi wake. Kuonyesha filamu hadharani kwa malipo nako kunaguswa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 iliyo chini ya Bodi ya Filamu. Mtaji mdogo unaoweza kukamatwa siku yoyote haufai kuitwa mtaji. Ni kamari.

LA KUFANYA KABLA YA SEHEMU YA MWISHO

Mwenye kibanda aanze kwa kuijua namba yake, yaani idadi ya watazamaji wanaolipa gharama tu, na aiandike ukutani. Tamthilia ikitangazwa kuwa ya mwisho, apange mapema kitakachojaza usiku ule, na asisaini pango la mwaka mzima kwa kutazama umati wa wiki mbili za mwisho. Umati huo umekuja kuaga.

Wakala wa ving'amuzi aandike majina na namba za simu za wateja wake kwa ridhaa yao, na kile wanachokipenda. Mteja anayepigiwa simu wiki moja kabla kifurushi hakijaisha na kuambiwa kuna hadithi nyingine inayofanana na ile aliyoipenda, anaweza kubaki. Orodha ya wateja ndiyo haki miliki ya mfanyabiashara mdogo, kwa sababu hadithi hubadilika na mteja akabaki yuleyule.

Mwenye nyumba ya wageni, hasa pale Ikonda, apige hesabu ya kulipia huduma halali yenye tamthilia zilizokamilika, na kuigawa gharama hiyo katika bei ya chumba. Mgeni aliyelala vizuri na kupumzisha mawazo ndiye atakayemwelekeza mgeni anayefuata.

Kijana anayeigiza, anayeandika au anayeingiza sauti, asome mkataba kabla ya kufurahia kuonekana. Aulize kama atapata chochote hadithi ikirudiwa au kuuzwa nchi nyingine. Swali hilo linaulizwa siku ya kusaini. Ukiliuliza siku ya sehemu ya mwisho, mashabiki watakuwa wameshaanza kufuta machozi, na mwenye mali yuko ofisini anapanga filamu.

Shabiki hana kosa kulia. Amelipia furaha yake na ameipata. Mwenye duka ndiye asiyeruhusiwa kulia pamoja naye, kwa kuwa yeye tarehe ya mwisho aliijua mapema kuliko mtu yeyote. Wahenga walisema akiba haiozi, na Njombe yote inajua kinachooza.